Sura ya Sita: Zinazojiwasha Zenyewe

Kompyuta ikikuambia kila asubuhi kwamba haioni faili fulani lenye jina lisilosomeka, jua imepona nusu. Kijisanduku chenyewe ni kidogo, kina kitufe kimoja cha OK, na hutokea katikati ya kioo kabla mashine haijatulia: Can not find script file, kisha anwani ndefu inayoanza na C:\Users na kuishia na herufi tatu, vbs. Mwenye kompyuta anabofya OK, anaendelea na mambo yake. Wapo waliobofya OK hiyo kwa miaka. Kilichotokea ni kwamba antivirusi ilipita siku moja ikalifuta faili baya, lakini ikauacha mstari unaoiamuru Windows kuliwasha faili hilo kila mashine inapowaka. Windows ni tiifu. Inatafuta, inakosa, inalalamika, na kesho inatafuta tena.

Sura hii ni ya mstari ule, na ya wenzake wasiolalamika, ambao ndio wabaya zaidi.

Mifano yangu naichota Shinyanga na kanda ya dhahabu ya Geita, kwa kuwa huko kompyuta kuukuu inafanyishwa kazi ambayo walioiunda hawakuiwazia. Pita Kahama mjini, Masumbwe, Kakola jirani na mgodi wa Bulyanhulu, Nyarugusu au Katoro, utakuta kibanda chenye sabufa nje na kompyuta ya mezani ndani, kazi yake kuingiza nyimbo. Mchimbaji aliyetoka duarani, yaani shimoni, analeta memori kadi au flashi, anataja anachotaka, Bongo Fleva, injili, nyimbo za Kisukuma, analipa, anaondoka na muziki wa mwezi mzima. Mlango wa pili ni steshenari: kopi, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi, matokeo ya NECTA. Flashi ile ile hupita milango yote miwili, halafu huenda nyumbani ikachomekwa kwenye kompyuta ya familia, Dell au HP iliyonunuliwa imeshatumika, iliyomaliza maisha yake ya kwanza kwenye ofisi ya nchi nyingine.

Muziki ukipotea unaingizwa tena. Lakini flashi za huko siku hizi zimebeba mambo mazito kuliko nyimbo. Masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, Geita ikitangulia mwezi Machi, biashara ya dhahabu iliyokuwa ikimalizika kwa mizani na noti ilianza kudai karatasi. Leo mwenye duara ana nakala ya leseni ya uchimbaji mdogo, mkataba na mwenye shamba, stakabadhi za mrabaha na za ada ya ukaguzi. Nakala hizo zinaskaniwa steshenari na kuhifadhiwa pale pale penye nyimbo. Siku leseni inapogeuka kijialama chenye mshale pembeni na ukubwa wa KB 2, mtu anatoka jasho.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kompyuta vilivyoandikwa kwingine havilitaji, nalo ni umeme. Mashine ya mtu wa London huwashwa mara moja asubuhi, au hailali kabisa. Ya Kahama isiyo na betri ya akiba huwashwa upya kila umeme ukikatika na kurudi, na siku ya mgao huwa mara kadhaa. Kila ikiwashwa, msururu mzima unaanza mwanzo. Programu kumi na tano zinagombea diski ya kuzunguka na RAM ya GB 2, huku mteja amesimama na memori kadi mkononi. Dakika tano za kusubiri, zikirudiwa mara nne kwa siku, ni mteja aliyehamia kwa jirani.

Na kuna bando. Nyumba nyingi hupata intaneti kwa simu ya mtu mmojawapo iliyowashwa hotispoti. Windows 7 haijui kutofautisha bando la kupimwa na waya wa ofisini usio na kikomo. Uwezo wa kuambiwa kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo ulianza na Windows 8. Kwa hiyo dakika ile simu inapounganishwa, kila programu iliyojiwasha inakimbilia kutafuta masasisho yake, na bando la wiki linaisha kabla barua pepe haijafunguka. Lawama huangukia kampuni ya simu. Mara nyingi mlaji yumo ndani ya nyumba.

Orodha ya zinazojiwasha haiko mahali pamoja, na hilo ndilo linalowachosha watu. Sehemu iliyo wazi kuliko zote ni folda ya Startup kwenye menyu ya programu. Ukiweka kitu humo, kinawaka. Inayotumika zaidi imo ndani ya rejista ya Windows, kwenye funguo mbili zinazoitwa Run: mmoja wa mashine nzima, mwingine wa mtumiaji mmoja mmoja. Ule wa mtumiaji hauhitaji ruhusa ya msimamizi kuandikwa, ndiyo maana virusi huupenda. Halafu kuna Task Scheduler, ambayo huwasha vitu kwa saa au kwa tukio. Kuna huduma zinazoanza kabla hata hujaandika neno la siri. Na kuna sehemu nyeti iitwayo Winlogon, nitakayoirudia. Windows haimhukumu yeyote aliyemo. Inafanana na daftari la kushuka duarani: jina lako likiwemo unashuka, na mgao wa mifuko ya mawe utaupata; nani aliliandika, na kwa kibali cha nani, si swali la asubuhi ile.

Virusi vya flashi havikuwa na haja ya kuwa vijanja sana mwanzoni. Kwenye Windows XP ulitosha uwepo wa faili dogo liitwalo autorun.inf ndani ya flashi. Ukibofya mara mbili alama ya flashi, kilichoandikwa humo kinawaka. Kirusi Conficker, kilichogundulika Novemba 2008, kilitumia mlango huo pamoja na ufa wa mtandao ambao Microsoft ilikuwa imeuziba mwezi mmoja kabla. Kiraka kilikuwepo. Mashine isiyo na intaneti haikukipata, na wakati huo mkongo wa SEACOM ulikuwa bado haujafika Dar es Salaam. Uliwashwa Julai 2009. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho lililoizuia XP na Vista kutii autorun.inf ya flashi, kama Windows 7 ilivyokuwa imeshaanza kufanya.

Watunzi wa virusi wakabadili mbinu, na hapo ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo kila mwenye steshenari analijua: virusi vya shotikati. Ujanja wake ni mwepisi na, lazima nikiri, umefikiriwa vizuri. Skripti inajinakili kwenye flashi, inayaficha mafaili yako yote, kisha inatengeneza shotikati zenye majina yale yale na alama zile zile. Ukibofya leseni.pdf, shotikati inaamuru mambo mawili kwa pamoja: iwashe skripti, halafu ifungue leseni ya kweli iliyofichwa. Leseni inafunguka. Huoni kasoro. Kompyuta imeshaingiwa, na kila flashi itakayofuata itapata nakala.

Jamii moja ya skripti hizo, iitwayo Jenxcus, ilienea mno kiasi kwamba Juni 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani Nevada, Marekani, ikapewa udhibiti wa majina ya mtandao ya kampuni ya No-IP yaliyokuwa yakitumiwa kuziongoza mashine zilizoambukizwa. Microsoft ilisema ilikuwa imeiona Jenxcus na mwenzake Bladabindi mara milioni 7.4 katika miezi kumi na miwili. Hatua ile ilizima pia huduma za watu wengi wasio na hatia waliokuwa wateja halali wa No-IP, na kesi ikaishia kwa maelewano. Lililo muhimu kwetu ni kile kilichokuwa upande wa pili wa majina yale. Skripti ile haikuishia kusumbua flashi. Ilikuwa ikisubiri amri kutoka mbali, na ingeweza kuagizwa kushusha programu nyingine yoyote.

Ndani ya rejista mstari wake huonekana hivi, jina la faili likibadilika:

wscript.exe //B "C:\Users\Mwalimu\AppData\Roaming\xkqwz.vbs"

Usome taratibu. Wscript.exe ni mali halali ya Windows, kazi yake kuendesha skripti. Ndiyo maana antivirusi haiwezi kuifuta. Alama //B inaiambia ifanye kazi kimya, isionyeshe makosa ya skripti. Roaming ni folda ambayo programu huweka mipangilio yake, na kwa kawaida haionekani. Jina xkqwz halina maana kwa sababu limeundwa na mashine. Hakuna programu ya heshima inayojiandikisha namna hii.

Mwalimu wa kwenye mstari huo jina lake silitaji, ila ni mstaafu anayekaa Ngokolo, Shinyanga mjini, na kompyuta yake ni HP ya mezani yenye Windows 7. Huandika kumbukumbu za vikao vya VICOBA yao. Mjukuu anayesoma Mwanza huja likizo na flashi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Fundi wa kwanza kaniambia nipige Windows. Wa pili naye kasema nipige Windows. Wewe je?”

“Tuisome kwanza, Mwalimu.”

Kwenye Windows 7 unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika msconfig, unakwenda kwenye kichupo cha Startup. Kuanzia Windows 8 kichupo hicho kimehamia Task Manager. Ya Mwalimu ilikuwa na mistari ishirini na ushee, na karibu kila mmoja ulikuwa na historia. Igfxtray, hkcmd na igfxpers ni za kioo, za Intel. Hazina madhara, na ukizizima picha haipotei, zinapotea njia za haraka za kibodi na kialama karibu na saa. RtHDVCpl ni ya sauti, iache. Jusched inatafuta masasisho ya Java, AdobeARM inatafuta ya kisoma PDF. Zote mbili ni walaji wa bando na hakuna hasara kubwa kuzizuia zisijiwashe, mradi ukumbuke kuzisasisha mwenyewe. Kulikuwa na mwangalizi wa printa iliyokufa zamani, bado anaamka kila asubuhi kuuliza kama wino umekwisha. Kulikuwa na Skype. Microsoft iliifunga Skype Mei 2025, na kompyuta ya Ngokolo iliendelea kuiwasha ikaingie kwenye huduma ambayo haipo tena duniani. Mwalimu alicheka hilo kuliko yote.

Halafu, karibu na chini, ule mstari wa wscript. Kwenye safu ya mtengenezaji paliandikwa Unknown.

Neno hilo peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani; programu nyingi ndogo na za kweli hazijitambulishi. Mimi huangalia kwanza faili linakaa wapi. Program Files na Windows\System32 ni makazi ya kawaida, ingawa si cheti cha uadilifu. AppData, Temp, au folda ya mtumiaji yenyewe ni mahali pa kutilia shaka. Kisha naangalia jina kwa macho ya msahihishaji wa insha, kazi ambayo Mwalimu aliifanya vizuri kuliko mimi. Svchost.exe ni ya Windows na makazi yake ni System32; scvhost.exe, herufi mbili zimebadilishana nafasi, ni jina lililotumiwa na virusi vya miaka ya 2000 na bado linakutwa. Explorer.exe halisi inakaa ndani ya C:\Windows. Ukiikuta kwingine ikijiwasha, ni jina la kuazima. La mwisho ni tarehe ya faili: ikiwa ni ya wiki ile mjukuu alipokuja, umeshapata mwanzo wa uchunguzi.

Aliniuliza kwa nini tusiondoe vyote. Swali zuri, na jibu lake ni kwamba kuondoa vyote kunawezekana na mara nyingi hakuui kitu, ila siku sauti ikikosekana au antivirusi ikikaa bila kuamka hutajua ulipokosea. Ubora wa msconfig ni kwamba inapotoa tiki haifuti; inauhamishia mstari pembeni, kwenye sehemu nyingine ya rejista, na unaweza kuurudisha. Ondoa tiki, washa upya, ishi na mashine siku mbili tatu. Hakuna kilicholalamika? Ndipo ufute, tena afadhali kwa kuiondoa programu yenyewe kupitia Control Panel kuliko kufuta mstari ukaiacha programu imekaa.

Anayetaka kuona kila kitu, siyo kidirisha hiki tu, achukue Autoruns. Iliandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, kampuni ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006, na hutolewa bure. Ni MB chache, haisakinishwi, unaifungua tu. Inaorodhesha Run zote, folda za Startup, Task Scheduler, huduma, Winlogon na vichochoro vingine ambavyo sitavitaja. Mara ya kwanza itakutisha kwa wingi wa mistari. Iambie ifiche vya Microsoft, orodha itapungua sana. Vilivyopakwa njano vinaelekeza kwenye faili ambalo halipo, na humo ndimo utamkuta yule wa kijisanduku cha asubuhi. Waridi ni vya kuchunguza, kwa kuwa havina saini ya mtengenezaji inayothibitika.

Sasa niseme kuhusu kupiga Windows.

Katika kanda nzima hii ndiyo dawa inayouzwa. Kompyuta nzito, piga Windows. Flashi zinageuka shotikati, piga Windows. Fundi anafuta diski, anasakinisha upya, anaondoka na hela yake, na kwa siku kadhaa mashine inapaa. Siipingi kabisa, mashine iliyoingiliwa kwa miaka na watu wa mbali inastahili kufutwa. Ninachopinga ni kuifanya jibu la kwanza, kwa sababu mbili, na ya pili ndiyo inayoniuma. Ya kwanza: flashi ya mjukuu haikupigwa Windows. Itachomekwa jioni ile ile. Ya pili ni kwamba Windows inayopigwa kwa kawaida si ya kununua, na ili isidai leseni fundi huendesha programu ya kuidanganya. Leseni za aina hiyo hudumu siku 180, hivyo programu hupandikiza kazi ndani ya Task Scheduler, mara nyingi ikiitwa AutoKMS, iamke na kuhuisha udanganyifu. Na ili isikamatwe, fundi huzima antivirusi au huiambia ifumbie macho folda ile. Mteja amelipia kuondolewa mistari ya kujiwasha asiyoijua, akarudishiwa mashine yenye mstari mpya asioujua, wenye mamlaka ya msimamizi, na mlinzi aliyeambiwa asiangalie huko. Programu za kudanganya leseni zinazozungushwa kwenye flashi za mafundi hazina wa kuzithibitisha. Baadhi hubeba mchimbaji: programu inayotumia kichakataji cha kompyuta yako kusaka sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu mwingine. Ukiwa Geita na feni ya kompyuta inavuma usiku wakati hakuna anayeitumia, fungua Task Manager uone ni nani anachimba.

Turudi kwa Mwalimu. Kuutoa mstari wa wscript kuna mpangilio wake, na wengi hushindwa hapo. Skripti inapokuwa hai hukagua mara kwa mara kama mstari wake upo. Ukiufuta, inauandika tena, nawe unasadiki kwamba kompyuta imelogwa. Kwa hiyo anza kwa kuiua: Task Manager, orodha ya michakato, wscript.exe, End Process. Zikiwa mbili, ua zote mbili. Ndipo ufute mstari, kisha faili kule Roaming, na uangalie kama kuna nakala kwenye folda ya Startup, maana huwa wanaweka akiba. Ikigoma, zima, washa huku ukibonyeza F8, uingie Safe Mode, ambako mistari ya Run haisomwi.

Winlogon sasa. Humo mna thamani mbili ambazo nataka msomaji azijue kwa moyo. Shell iwe explorer.exe, basi, hakuna kingine baada yake. Userinit iwe C:\Windows\system32\userinit.exe ikifuatiwa na mkato. Mkato huo ni halali, usiufute kwa kudhani ni kosa la uandishi. Lakini ukikuta baada yake kuna jina la faili jingine, hapo ndipo pa kushughulikia. Huyo haogopi Safe Mode. Na kuwe na uangalifu: ikiwa kirusi kiliiondoa userinit.exe na kujiweka badala yake, antivirusi ikakifuta kirusi bila kurekebisha thamani, utaandika neno la siri, itakukaribisha, na papo hapo itakutoa. Unaingia, unatolewa. Wenye mashine hudhani diski imekufa. Kilichopotea ni mstari mmoja, na mwenye flashi ya kuwashia kompyuta anaweza kuurekebisha kutoka nje.

Mashine ikishakuwa safi, ndipo flashi. Usibofye kitu chochote ndani yake. Fungua Command Prompt, na ikiwa flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo inayavua mafaili ufiche wake. Leseni, mkataba, picha za harusi, vyote vinajitokeza pembeni ya shotikati za uongo, kwa kuwa havikuwahi kuondoka. Futa shotikati, futa faili la vbs, basi. Kuna watu wametozwa hela ya kuokoa data kwa amri hii ya mstari mmoja. Na kwa kuwa nyumbani kwa Mwalimu hakuna anayehitaji skripti za Windows, tuliizima kabisa wscript kwenye rejista, chini ya Windows Script Host, Settings, kwa kuweka Enabled iwe 0. Flashi ya likizo ijayo ikija na mgeni, mgeni hatapata wa kumwendesha.

Akauliza kama ahamie Windows 10. Nilimwambia ukweli: Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 nayo ikakoma kwa watu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kuongezewa muda. Kuipandisha HP yenye GB 2 ni kuipa mzigo mpya usio na ulinzi mpya. Ibaki kwa kumbukumbu za VICOBA, mambo ya benki yafanyike kwenye simu, na hotispoti iwashwe pale tu inapohitajika. Mistari tuliyoiacha inajiwasha ilikuwa minne: sauti, antivirusi, na miwili ya kipanya chake.

Mwenye kibanda cha nyimbo hawezi kuishi kwa ushauri huo. Yeye anapokea flashi za watu kutwa, na akiua wscript asubuhi jioni kuna kingine. Kwake nashauri Linux. Neno hilo si geni nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, ingawa kazi ile haikufika vibandani. Toleo jepesi la Linux linawaka kwenye mashine ya GB 2. Likifungua flashi iliyoambukizwa linaonyesha kila kitu, yaliyofichwa na shotikati pamoja, kwa kuwa halijali alama za ufiche za Windows, na ukilibofya faili la vbs linafunguka kama barua ya kusoma. Steshenari inayotegemea Photoshop kwa picha za pasipoti itabaki na Windows yake. Kunakili nyimbo kutoka folda moja kwenda memori kadi hakuhitaji Windows, na mwenye kibanda anaweza kujaribu leo bila kugusa diski yake: awashe mashine kwa flashi ya Linux, anakili albamu moja, asikilize kama sabufa inaimba.